Kupima Unyevu wa Skridi Kabla ya Kutandika Sakafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wateja na mafundi wenzangu huniuliza, wengi wao wakiwa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimechuchumaa sakafuni na drili mkononi. Ninaposema skridi nina maana ya lile tabaka la saruji na mchanga, kwa kawaida sentimita 4 hadi 7, linalopigwa juu ya jamvi, yaani lile zege la chini linalobeba sakafu, ili sakafu isawazike kabla ya kuweka vinaili, mbao, lamineti, zulia au vigae.

Skridi yangu imeshakuwa nyeupe, na ukiigusa ni kavu. Kuna haja gani ya kupima?

Weupe huo ni wa juu tu. Skridi hukauka kuanzia juu kwenda chini, kama uji ulioshika utando: ukiutazama kwenye bakuli unadhani umepoa, ukichota kijiko unaungua ulimi. Milimita chache za juu zinaweza kuwa kavu kabisa huku chini, karibu na jamvi, bado kukiwa na maji mengi.

Ukiiacha wazi hakuna shida, maji yataendelea kutoka kidogokidogo. Shida inaanza siku unapobandika vinaili. Kuanzia hapo maji hayana pa kutokea, kwa hiyo yanapanda na kusambaa mpaka unyevu wa chini na wa juu unakaribia kulingana, na huko juu yanakutana na gundi. Tena si maji matupu. Yamebeba alkali ya saruji, na saruji mbichi ina pH ya 12 hadi 13, ambayo huzivunja gundi nyingi mpaka zinateleza kama sabuni iliyolowa. Baada ya miezi michache utaona mapovu, viungo vinafunguka, na ukiinua kipande unakutana na harufu ya kitu kilichooza. Mbao huvimba na kuinuka katikati ya chumba kama mgongo wa ng'ombe. Zulia huota kuvu.

Maji yote hayo yametoka wapi?

Mengi ni yale tuliyoyamwaga wenyewe. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unahitaji maji ya karibu robo ya uzito wake ili ugande kikemikali, yaani lita 12 hivi. Lakini ukichanganya kwa lita 12 mwiko hautapita. Fundi anatia lita 25, na akiwa na haraka anatia 30 ili mchanganyiko umlainikie. Ukihesabu na maji yaliyokuwemo kwenye mchanga, zaidi ya nusu hayana kazi tena baada ya saruji kushika. Kutoka kwake ni kwa kugeuka mvuke, basi.

Chumba cha mita za mraba 20 chenye skridi ya sentimita 5 kina mita moja kamili ya ujazo wa saruji na mchanga. Humo mna lita nyingi kuliko zile zinazojaa kwenye ndoo zote za nyumba yako.

Chanzo cha pili ni ardhi. Kama chini ya jamvi hakuna nailoni nzito (ile ya geji 1000, sawa na robo ya milimita), au ipo lakini ilitobolewa na mabuti na kokoto siku ya kumwaga zege, maji ya ardhini yatapanda mwaka hadi mwaka. Chanzo cha tatu ni ajali za kila siku: bomba linalovuja, mfereji wa kiyoyozi ulioziba, mafundi wa lipu wanaochanganyia mzigo sakafuni, na mama wa usafi aliyedeki kwa ndoo mbili jana jioni ili "mkague pakiwa pasafi".

Fundi wangu anasema siku 28 zinatosha. Ni kweli?

Siku 28 ni za nguvu, si za ukavu. Ndizo siku ambazo wahandisi huvunja vipande vya zege kupima kama vimefikia uimara uliotakiwa. Skridi inaweza kuwa imara kama jiwe na bado imelowa. Nadhani hakuna namba iliyoharibu sakafu nyingi katika nchi hizi kama 28.

Basi nisubiri muda gani?

Kuna kanuni ya zamani ya Waingereza: siku moja kwa kila milimita, kwa milimita 50 za kwanza, na zaidi ya hapo mwendo unakuwa wa taratibu. Kwa hiyo skridi ya sentimita 5 ni siku 50, na ya sentimita 7.5 inapita siku 75 kwa mbali. Jamvi la zege la sentimita 15 linaweza kuchukua karibu mwaka.

Isome kanuni hiyo pamoja na masharti yake. Hesabu inaanza baada ya kumaliza kumwagilia na kufunika, ile wiki ya kwanza, si siku ya kupiga skridi. Paa liwe limeshaezekwa na madirisha yamewekwa. Na hewa iwe ya nyuzi 20 hivi, na unyevu wa asilimia 60, ikizunguka vizuri. Joto la Dar linasaidia, ila unyevu wa asilimia 60 unauona alasiri za miezi michache tu. Uso uliopigwa niru (ile saruji tupu ya kulainishia sakafu) au kusuguliwa kwa mashine mpaka ukang'aa nao unachelewesha, kwa kuwa vitundu vya kupumulia vimezibwa.

Kosa ninalokutana nalo sana ni kuhesabu skridi peke yake. Kama skridi ya sentimita 5 imeshikamana na jamvi bichi la sentimita 10, na nailoni iko chini ya jamvi, kinachokauka ni sentimita 15 zote kupitia mlango mmoja. Maji ya jamvi lazima yapite kwenye skridi kwanza.

Kwa hiyo tumia kalenda kujua lini uanze kupima. Isikwambie lini uanze kutandika.

Kubandika kipande cha nailoni sakafuni kunatosha?

Kunatosha kukukataza, hakutoshi kukuruhusu. Unakata nailoni ya mraba wa sentimita 45 hivi, unabandika kingo zote nne kwa tepu nzuri, unaiacha angalau saa 16, kisha unaifunua. Ukikuta matone chini yake, au saruji imekuwa nyeusi, acha kazi. Usipoona kitu, hujajua lolote. Matone hutokea kama nailoni imekuwa baridi kuliko mvuke uliopo, na kwenye chumba chenye joto usiku kucha, sakafu iliyolowa inaweza isikuonyeshe hata tone.

Mimi huitumia siku ya kwanza ninapoingia kwenye nyumba nisiyoijua. Haina gharama, na mwenye nyumba anajionea kwa macho yake, jambo linalopunguza ubishi.

Na ile mashine ndogo ya kuegesha sakafuni, inayotoa namba papo hapo?

Ziko za aina mbili. Ya pini hupima jinsi umeme unavyopita kati ya sindano mbili. Ya kuegesha hutuma mawimbi ya umeme yanayoingia sentimita chache ndani bila kutoboa kitu. Zote ni nzuri kwa kutafuta, yaani kujua pembe ipi ya nyumba imelowa kuliko nyingine, ili ukatoboe hapo. Namba yake usiichukue kama hukumu. Chumvi kwenye mchanga, nondo iliyo karibu na juu, hata bomba la chuma, vyote huipandisha. Niliwahi kuzunguka sebule nzima nikifuata mstari ulionyooka wa "maji" mpaka mwenye nyumba akanikumbusha kwamba pale chini kuna bomba la umeme.

Basi kipimo cha kuaminika ni kipi?

Haigromita, yaani mashine inayopima kwa asilimia unyevu uliomo hewani, kwa njia moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni ya sanduku. Haigromita inawekwa ndani ya kisanduku kilichokingwa joto, kisicho na kitako, kinachozibwa kando zote kwa utomvu maalumu ili hewa ya chumbani isiingie. Hewa iliyonaswa humo inapokea mvuke wa skridi mpaka inatulia. Acha siku 3 kwa uchache, soma, soma tena baada ya saa 24. Namba zikiwa sawa, hewa imetulia. Kama bado zinapanda, subiri. Ukiwa na skridi nene inaweza kufika wiki. Waingereza wameizoea njia hii, na uzuri wake ni kwamba hutoboi chochote.

Ya pili ni ya tundu, na ndiyo ninayoiamini zaidi. Unatoboa kwa drili mpaka asilimia 40 ya unene, kama sakafu inakaukia upande wa juu tu. Skridi ya milimita 50 iliyotenganishwa na jamvi kwa nailoni inatobolewa milimita 20. Kama imeshikamana na jamvi na jumla ni milimita 150, tundu ni milimita 60. Kina hicho hakikubuniwa mezani. Utafiti wa nchi za Nordiki ulionyesha kuwa unyevu uliopo hapo kabla ya kutandika ndio unaokaribia ule utakaokuja kukaa chini ya sakafu baada ya kuifunika. Ghorofa ya juu ambayo zege lake linapumua juu na chini hutobolewa asilimia 20.

Ukishatoboa, safisha vumbi kwa brashi na kipulizio, ingiza bomba la plastiki linalobana, liwekee kizibo, nenda zako. Ukisoma papo hapo utasoma joto la drili. Kiwango cha Marekani cha kipimo hiki, ASTM F2170, kilikuwa kinataka saa 72 za kusubiri. Toleo la 2018 limezishusha hadi 24. Mimi nikiwa na nafasi bado nasubiri siku 3, kwa sababu tu sikupata kujuta kwa kusubiri.

Kabla ya yote muulize mwenye nyumba mabomba ya maji na nyaya zimepita wapi. Akisema hajui, chukulia zimepita hapo hapo unapotaka kutoboa.

Nimesikia kuhusu kipimo cha kabaidi. Ni kipi hicho?

Ni cha Wajerumani, na ni kizuri sana. Unatindua skridi kwa tindo na nyundo mpaka chini, unachukua sehemu ya ndani, unaiponda haraka kabla haijakauka mkononi, unapima gramu 50. Unaitia kwenye chupa ya chuma pamoja na gololi na kichupa cha kioo chenye kabaidi ya kalsiamu. Unafunga, unatikisa, kioo kinapasuka. Kabaidi ikikutana na maji inatoa gesi ya asetilini, ile ile ya mafundi wa kuchomelea, na saa iliyo kwenye kifuniko inapima mgandamizo wa gesi. Baada ya dakika 10 hivi una jibu. Skridi ya saruji inatakiwa isizidi asilimia 2.0, na kama ina mabomba ya kupashia joto, 1.8.

Gesi hiyo inawaka. Fungulia chupa nje, usivute sigara karibu. Na utabaki na shimo la kuziba, kwa hiyo huwezi kukirudia kipimo hiki mara kumi.

Kuna pia kile cha sahani ya kloridi ya kalsiamu?

Kipo, Wamarekani walikitumia miaka mingi. Unapima uzito wa chumvi hiyo, unaifunika sakafuni kwa kuba la plastiki saa 60 hadi 72, unaipima tena uone imekunywa maji kiasi gani. Kinakueleza habari ya ngozi ya juu ya zege tu, ndiyo maana wengi wamehamia kwenye tundu. Sikitumii.

Mara mnasema asilimia 2 kwa kabaidi, mara 75 kwa haigromita. Robo tatu ya sakafu yangu ni maji?

Hapana, na swali hili ni la haki kabisa. Asilimia 2 ya kabaidi ni uzito: gramu 2 za maji katika gramu 100 za skridi. Asilimia 75 ya haigromita ni ya hewa iliyomo ndani ya vitundu vya skridi: imebeba robo tatu ya mvuke ambao ingeweza kubeba kwa joto lile. Ni mizani mbili tofauti, kama kilo na lita. Hakuna hesabu rahisi ya kugeuza moja kuwa nyingine, kwa sababu inategemea saruji, mchanga na jinsi ulivyochanganya. Fundi akikupa namba, muulize ni ya kipimo gani.

Kiwango kinachoruhusiwa ni kipi?

Kwa haigromita, Waingereza wamezoea 75 kwa vinaili, zulia na mbao za kubandika. Gundi za kisasa kuna zinazoruhusu 85, na nyingine zaidi. Anayeamua ni mtengenezaji wa sakafu na wa gundi, na mwenye kiwango cha chini kati ya hao wawili ndiye anayefuatwa. Soma karatasi inayokuja na ndoo ya gundi kabla ya kuifungua. Kama muuzaji hana karatasi hiyo, au ipo kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma hapo dukani, chukua 75.

Nitajuaje kama haigromita yangu hainidanganyi?

Kwa chumvi ya jikoni. Chukua kifuniko cha soda, jaza chumvi, tonesha maji kidogo mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Weka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana pamoja na haigromita, mahali pasipo na jua wala feni, uache usiku mzima. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, joto likiwa 20 au 30. Mashine ikisoma 79, inazidisha 4. Iandikie pembeni kwa kalamu ya wino.

Kwamba namba ya chumvi na namba ya sakafu ni ile ile, 75, ni bahati tu. Lakini ni bahati nzuri, maana unaipima mashine yako pale pale utakapoihitaji.

Mchanga wetu ulichotwa ufukweni. Unaathiri kipimo?

Unaathiri kipimo, na unaathiri sakafu yenyewe. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia hiyo hiyo 75. Skridi yenye mchanga wa chumvi inaweza kukauka Februari na kulowa tena Aprili bila tone la mvua kuingia ndani. Mashine ya umeme itapiga kelele kila mahali. Dalili yake ni unga mweupe unaochomoza juu ya saruji, ukiufuta unarudi. Kama hujapiga skridi bado, nunua mchanga wa mtoni, na ukiutilia shaka uonje. Mate ya fundi mzee yamewahi kuokoa nyumba. Kama umeshapiga, usiweke mbao.

Huku pwani hewa yenyewe ina asilimia 80. Skridi itafikaje 75?

Hili ndilo swali lenyewe, na vitabu vingi vya mafundi havina jibu lake kwa sababu viliandikwa mahali ambapo nyumba hupashwa joto majira ya baridi na hewa ya ndani inakauka kama ya jangwani.

Skridi haiwezi kuwa kavu kuliko hewa inayoizunguka. Kama wastani wa hewa, mchana na usiku, ni 80, basi hata ungesubiri miaka mitatu madirisha yakiwa wazi, skridi itakaa karibu na 80. Sio kwamba haijakauka. Imemaliza kukauka, kwa kadiri ya Mikocheni au Nyali inavyoruhusu. Ndugu zetu wa Dodoma hawana tatizo hili.

Kwa hiyo lililopo ni kuamua nyumba itaishi vipi. Kama ni nyumba ya madirisha wazi na pangaboi, usilazimishe mbao za kubandika wala vinaili yenye gundi nyepesi. Chagua vigae, au gundi inayovumilia 85 na zaidi, au vinaili ya kulaza bila gundi. Kama ni ofisi au nyumba ya viyoyozi, washa viyoyozi sasa, kabla ya kutandika, ufunge milango, upitishe wiki kadhaa. Mashine ya kukausha hewa ni bora zaidi na inakula umeme kidogo kuliko viyoyozi vitatu. Pima ndani ya hali hiyo hiyo ambayo watu wataishi nayo.

Na ukishaanza kupoza, usifungue madirisha "ili hewa izunguke". Hewa ya nje ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inabeba gramu 23 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 24 haiwezi kushika hata gramu 22. Hewa hiyo ya nje ikigusa sakafu uliyoipoza usiku kucha, itaachia maji juu yake kama soda iliyotoka kwenye friji. Nimeona vijana wakifuta "uvujaji" wa namna hiyo siku nzima.

Usipokuwa na kiyoyozi, fungua kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, hewa inapokuwa kavu kidogo, na funga kabla ya magharibi. Usiku hewa ya pwani inarudisha yale uliyoyatoa mchana.

Msimu upi ni mzuri kutandika?

Julai hadi Septemba kwanza, alasiri zake ni kavu. Kisha Januari na Februari, wakati wa kaskazi. Masika, Machi hadi Mei, mimi hufanya vigae na kupokea simu za malalamiko.

Nipime sehemu ngapi?

Kwa njia ya tundu, matatu kwa mita za mraba 100 za kwanza na moja kwa kila 100 zinazofuata. Huo ndio utaratibu wa Wamarekani. Kwa nyumba ya kawaida naweka moja kila chumba kinachotandikwa, na mawili sebuleni. Usitafute mahali pazuri. Tafuta karibu na ukuta wa bafu, kwenye pembe isiyopata upepo, palipokuwa pamewekwa pipa la maji la mafundi, na mahali skridi ilipo nene zaidi. Sakafu nzima inahukumiwa kwa tundu lake bovu kuliko yote. Wastani hauna maana hapa, maana gundi itaachia pale palipo na 88 bila kujali kwamba chumba cha pili kina 70.

Nyumba yangu ina miaka 30. Si imeshakauka zamani?

Maji ya ujenzi yalishaondoka, ndiyo. Ya ardhini hayajui miaka. Nyumba nyingi za zamani hazina nailoni chini ya jamvi, na zimeishi salama kwa sababu sakafu ya niru na mkeka juu yake hupumua. Siku unapofunika kwa vinaili ndipo unapoziba pumzi hiyo.

Niliwahi kutandika ofisi ya chini, mita za mraba 120, jengo la zamani, nikaipima juujuu kwa mashine ya kuegesha na kuridhika. Ilikuwa Agosti. Mwezi wa tano mwaka uliofuata niliitwa. Upande mmoja vinaili ilikuwa imeinuka mstari mzima kando ya ukuta wa nyuma. Tulipotoboa, namba ilikuwa 94, na kadiri tulivyoshuka chini ndivyo ilivyopanda. Nje ya ukuta ule kulikuwa na bustani iliyomwagiliwa kila jioni, udongo wake umepanda juu ya usawa wa sakafu. Nilirudia kazi ile kwa mfuko wangu.

Jifunze kusoma mwelekeo: toboa matundu mawili jirani, moja la kina kifupi na moja refu. Refu likiwa na unyevu mwingi zaidi kwenye nyumba kongwe, maji yanatoka chini. La juu likizidi, kuna mtu amemwaga kitu au hewa ndiyo yenye maji.

Vigae navyo vinahitaji kupimwa?

Mara nyingi si kwa ukali huu, kwa kuwa gundi yake ni ya saruji na haiogopi maji. Angalia tu skridi iwe imemaliza kusinyaa, la sivyo itapasuka na kupasua vigae. Marumaru asilia, hasa nyeupe, ni habari nyingine: unyevu huiachia madoa ya njano ambayo hayatoki.

Na mbao zenyewe?

Zipime pia, kwa mashine ya pini, ambayo kwenye mbao ndipo ilipo nyumbani kwake. Kwenye hewa ya asilimia 80 mbao hutulia na maji ya karibu asilimia 15. Kwenye chumba cha kiyoyozi chenye 55, ni 10 hivi. Mninga uliotoka uwanjani na 16, ukaingizwa kwenye chumba cha baridi, utasinyaa mpaka uweze kuingiza sarafu kati ya mbao na mbao. Ziache ndani ya chumba husika, zikiwa zimepangwa na vijiti katikati, mpaka namba iache kubadilika.

Kipimo kimezidi na wageni wa harusi wanakuja. Nifanye nini?

Kwanza usiruhusu mtu awashe moto wa gesi sakafuni. Unakausha ngozi na kupasua skridi, chini pabaki vilevile.

Kama ni maji ya ujenzi na umepungukiwa na asilimia chache, funga chumba na uweke mashine ya kukausha hewa. Kama huna muda, kuna epoksi ya kuzuia unyevu, inayopakwa tabaka mbili juu ya skridi iliyosuguliwa na kusafishwa, halafu saruji ya kujisawazisha juu yake, ndipo gundi. Inafanya kazi nzuri ikipakwa na mtu anayeijua. Kitundu kidogo kilichorukwa na roller ndicho maji yote yatakachokitafuta. Soma mwisho wake pia: ndoo nyingi zimeandikwa unyevu wa juu kabisa zinaoweza kuhimili, na hakuna inayopenda sakafu ambayo maji yanasukumwa kutoka chini.

Kama ni maji ya ardhini, shughulikia nje kwanza: udongo ulioegemea ukuta, mifereji, bomba. Harusi itafanyika juu ya niru na mikeka, na hakuna mgeni atakayeuliza.

Matokeo yaandikwe wapi?

Kwenye karatasi inayosainiwa na fundi na mwenye nyumba: tarehe, saa, joto la chumba, unyevu wa hewa, kina cha kila tundu na namba yake, aina ya mashine na siku ilipopimwa kwa chumvi, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la. Piga picha ya kila kioo cha mashine kikiwa juu ya tundu lake. Mwenye nyumba akisema "tandika hivyohivyo, lawama yangu", mwambie aandike sentensi hiyo kwa mkono wake. Nusu yao huamua kusubiri wiki mbili zaidi wakishaishika kalamu.